Mwongozo wa Kujifunza na Kukusanya Panga za Kijapani na Mapambo Yake

Anayetaka kukusanya panga za Kijapani hukutana mapema na soko lililojaa panga za kuigiza, panga zilizoharibiwa na watu wasiojua kuzitunza, na panga halisi zilizochongwa majina ya wahunzi wasiozifua. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeanza akiwa mbali na Japani, tena bila mwalimu wa kumshika mkono, na mpangilio wake unatokana na rai moja: jicho lifundishwe kabla ya fedha kutoka, na jina lililochongwa juu ya chuma lisomwe mwisho, chuma chenyewe kikiwa kimeshasomwa.

Hatua ya kwanza: fahamu kitu unachokitafuta

Upanga wa Kijapani unaotambuliwa na wataalamu hufuliwa kwa mkono kutokana na tamahagane, feleji inayopatikana kwa kuyeyusha mchanga wa chuma pamoja na makaa ya miti katika tanuri ya udongo iitwayo tatara. Mhunzi huikunja feleji hiyo na kuifua tena na tena ili uchafu utoke na ugumu wake uenee sawasawa. Upanga ukishapata umbo, huupaka udongo, mzito mgongoni na mwembamba penye makali, kisha huuchoma na kuutumbukiza majini. Makali hupoa ghafla yakawa magumu mno, mgongo hupoa taratibu ukabaki na ulaini unaouzuia upanga kuvunjika, na mpaka wa sehemu hizo mbili huonekana kama mstari mweupe unaokimbia tangu chini hadi nchani. Mstari huo ndio Wajapani huuita hamon, na hapa tutauita mstari wa makali. Tatara moja bado huwashwa kila majira ya baridi huko Okuizumo, mkoani Shimane, chini ya Jumuiya ya Kuhifadhi Panga za Sanaa za Japani, inayojulikana zaidi kwa herufi NBTHK, iliyoifufua kazi hiyo mwaka 1977.

Kwa kipimo hicho, vitu vingi vinavyouzwa kwa jina la upanga wa Kijapani huanguka mlangoni. Panga za mazoezi zilizotengenezwa kwa aloi ya alumini na zinki hazina makali wala cha kusoma ndani yake. Kundi linalotatiza zaidi ni panga za jeshi za Vita vya Pili vya Dunia. Ule wa maafisa wa vyeo vya chini, wa modeli ya 1935, ulitengenezwa kiwandani na kupigwa namba kwenye bapa lake, kwa hiyo hauna utata. Panga za maofisa, hasa zilizotoka mji wa Seki, mara nyingi zilitengenezwa kwa chuma cha kiwandani na kupozwa kwenye mafuta badala ya maji, na nyingi zina muhuri mdogo uliopigwa kwenye msuka, yaani ile sehemu inayoingia ndani ya mpini. Hata hivyo, wako maofisa waliokwenda vitani na panga za mababu zao zilizovalishwa mpini na ala za kijeshi, kwa hiyo usiudharau upanga kwa sababu ya mavazi yake kabla hujauona msuka. Panga za kivita zina wakusanyaji wake na historia yake nzito, lakini hilo ni somo jingine.

Urefu hupimwa kwa mstari mnyoofu kutoka ncha hadi kwenye kijino cha mgongoni ambapo msuka huanzia. Kipimo cha jadi ni shaku, sawa na sentimita 30.3. Upanga usiofika shaku moja ni tanto, ulio kati ya shaku moja na mbili ni wakizashi, na kuanzia sentimita 60.6 ni katana au tachi. Tachi ilining'inizwa kiunoni makali yakitazama chini, ilhali katana ilichomekwa kwenye mshipi makali yakitazama juu. Sahihi kwa kawaida ilichongwa upande uliotazama nje wakati upanga umevaliwa, na ndiyo maana sahihi ya tachi huwa upande wa pili ukiilinganisha na ya katana.

Kuhusu nyakati, panga zilizopinda zilizofuliwa hadi mwaka 1596 huitwa koto. Zilizofuata hadi kiasi cha mwaka 1780 huitwa shinto. Na zile zilizofuata hadi amri ya mwaka 1876, iliyokataza kuvaa panga hadharani, huitwa shinshinto. Baada yake huja za kisasa hadi 1945, na mwisho za wahunzi walio hai. Ndani ya koto kuna jadi tano zilizoitwa kwa majimbo ya kale: Yamato palipo Nara, Yamashiro palipo Kyoto, Bizen iliyo sehemu ya Okayama ya leo, Soshu palipo Kamakura, na Mino iliyo Gifu. Zikariri hizi tano kabla ya kukariri jina la mhunzi yeyote.

Hatua ya pili: tazama panga halisi kwa wingi

Picha hufundisha umbo, lakini hazifundishi chuma. Mwenye nafasi ya kufika Japani aanze na Jumba la Makumbusho la Panga la NBTHK, lililohamia Ryogoku mjini Tokyo mwaka 2018, kisha aende Makumbusho ya Taifa ya Tokyo huko Ueno, yanayohifadhi panga mbili mashuhuri, Dojigiri ya mhunzi Yasutsuna na Mikazuki ya mhunzi Munechika, zote mbili Hazina za Taifa. Huko Setouchi, mkoani Okayama, pana makumbusho ya Osafune, mahali palipotoa panga nyingi za jadi ya Bizen, na wahunzi hufanya kazi papo hapo. Walioko Ulaya na Marekani wana bahati ya karibu: British Museum na Victoria and Albert Museum mjini London, Metropolitan Museum of Art mjini New York, na Museum of Fine Arts mjini Boston, yote yana panga na mapambo ya kutosha kumshughulisha mwanafunzi kwa miaka.

Mbele ya kabati la kioo, usisimame wima ukasoma kibandiko. Chutama au uiname mpaka mwanga wa taa ulale juu ya bapa, kisha sogea polepole ubavuni ili mwako wa taa utembee toka msuka hadi ncha. Mstari wa makali hujitokeza pembezoni mwa mwako huo, si katikati yake. Walinzi watakutazama kwa mashaka, endelea. Beba daftari na penseli, uchore umbo la upanga na mstari wake wa makali jinsi unavyouona, kwa sababu mkono unaochora hulilazimisha jicho kukiri lilichokiruka. Wataalamu wa Japani wenyewe hufanya hivyo: huweka karatasi juu ya msuka na kuisugua kwa wino mkavu ili alama zote zitokee, kisha huchora sehemu iliyobaki kwa mkono.

Ukipata chama cha wapenzi wa panga, omba kushiriki kantei. Hapo panga huwekwa mezani zikiwa zimefunikwa msuka, na kila mshiriki huandika jina la mhunzi anayemdhania. Aliyepatia hujibiwa atari. Aliyetaja mhunzi wa shule ileile hujibiwa dozen, yaani jibu linalokaribiana kiasi cha kuheshimiwa. Mgeni asione haya kukosea mbele za watu, kwa maana kosa lililoelezwa sababu yake hukaa kichwani kuliko jibu la kubahatisha.

Hatua ya tatu: jifunze kuushika

Vua pete, saa na bangili, nawa mikono ukauke, na ukae mahali penye kitambaa laini chini. Adabu ya Kijapani ni kuinamisha kichwa kidogo kabla ya kuupokea upanga, na si adabu tupu, kwani humfanya mtu atulie. Shika ala kwa mkono wa kushoto makali yakitazama juu, ulegeze kwanza kipete cha shaba kinachokaza upanga mdomoni mwa ala, kisha uvute kwa mkono wa kulia kwa mwendo mmoja ili mgongo ndio uteleze juu ya mti. Ukiuvuta kwa ubavu utakwaruza bapa na kuichana ala. Usizungumze ukiwa umeuinamia, kwa sababu chembe ya mate inatosha kuanzisha kutu, na usiguse chuma kilichong'arishwa kwa kidole wala kujaribu makali kwa ukucha. Unapomkabidhi mwenzako, usipokezane mkono kwa mkono kama bado ninyi ni wanafunzi. Ulaze upanga kwenye kitambaa, naye auokote.

Kuutoa mpini kunahitaji kuona mtu akifanya walau mara moja. Kijiti cha mwanzi kinachopita mpini na msuka husukumwa nje kwa kijinyundo cha shaba. Kisha mkono wa kushoto hushika mwisho wa mpini, upanga ukiwa umesimama na kulala kidogo nyuma, na ngumi ya kulia hupiga kifundo cha mkono wa kushoto taratibu mpaka msuka uinuke. Tanto ni nyepesi na huweza kuruka, kwa hiyo ipigwe kwa upole zaidi. Kama kijiti kimelegea au kimeoza, usiutoe upanga alani kabisa hadi kibadilishwe.

Hatua ya nne: soma upanga kwa utaratibu

Anza na umbo, ukiwa umeunyoosha mkono ili uuone mzima. Umbo hutaja zama kabla ya kitu kingine. Tachi za mwanzo, hasa za karne ya 11 na 12, zina mkunjo mkubwa karibu na mpini, hupungua upana kuelekea juu na kuishia na ncha ndogo. Katika karne ya 13 upana uliongezeka na ncha ikawa fupi nene. Karne ya 14 ilileta panga ndefu kupindukia zenye ncha kubwa, ambazo nyingi zilifupishwa baadaye kwa kukatwa upande wa msuka, sahihi ikapotea pamoja na kipande kilichokatwa. Karne ya 15 na ya 16 zilipendelea panga fupi za kuchomolewa upesi, zenye msuka wa mkono mmoja na mkunjo uliosogea kuelekea ncha. Panga za miaka ya 1661 hadi 1673 zina mkunjo mdogo mno na zinasinyaa kuelekea nchani. Karne ya 19 iliiga maumbo makubwa ya kale, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Uzito wa upanga mkononi ndio husema kweli, kwa kuwa upanga wa kale ulionolewa kwa karne nyingi umepungua mwili.

Pili, tazama chuma chenyewe kati ya mgongo na mstari wa makali. Kule kukunjwa na kufuliwa kunaacha mishipa inayofanana na ya mti: itame ni mishipa ya ubao uliopasuliwa kwa ubavu, mokume ina vifundo vya mviringo, na masame imenyooka, nayo ni dalili kubwa ya Yamato. Katika Bizen za kale huonekana juu ya mstari wa makali kivuli cheupe kiitwacho utsuri, ambacho mwanafunzi huhangaika kukiona hadi siku kinapojionyesha, na tangu hapo hakimpotei tena.

Tatu ni mstari wa makali, na hapa usifanye haraka. Inua upanga kuelekea taa moja yenye mwanga mkali, ncha ikielekezwa karibu na taa, ukauzungushe kidogo kidogo. Swali la kwanza ni umbo: je, mstari umenyooka, unapanda na kushuka kama mawimbi mapana, au una vichwa vilivyosongamana? Mtu wa Pemba au Unguja hatahitaji maelezo kuhusu choji, mtindo uliowapa Bizen sifa, kwa kuwa vichwa vyake vinafuata umbo la vikonyo vya karafuu. Swali la pili ni gumu zaidi, nalo ni mstari umejengwa na nini. Chembe za feleji ngumu zikiwa kubwa kiasi cha kuonekana moja moja zikimetameta, huitwa nie, na ndizo alama ya Soshu na mhunzi wake mkuu, Masamune. Zikiwa ndogo hata jicho likaona ukungu mweupe tu, huitwa nioi, na ndiyo tabia ya Bizen. Mstari ulioigizwa kwa tindikali au kwa kusuguliwa kwa msasa hauna nie wala nioi. Ni weupe mtupu usiobadilika hata uugeuze vipi chini ya taa. Kipimo hiki kimoja kinaondoa sehemu kubwa ya bidhaa za uongo.

Fuata mstari huo hadi ndani ya ncha, unapopinda kurudi kwenye mgongo. Mstari unaotoroka bila kurudi huenda ukawa ni ishara kwamba ncha ilivunjika na kuchongwa upya, na upanga usio na ugumu nchani umepoteza thamani yake karibu yote. Kasoro nyingine ya kuua ni ufa mwembamba unaokata makali kwa wima, uitwao hagire. Huwa mdogo kama unywele na hauponyeki, hivyo tumia kioo cha kukuzia na upite makali yote kwa subira. Upanga ulioungua motoni na kupozwa upya nao hushuka hadhi, ingawa si kila mara hutupwa: baada ya Kasri la Osaka kuanguka mwaka 1615, mhunzi Yasutsugu aliagizwa na ukoo wa Tokugawa kuzirudishia makali panga mashuhuri zilizoungua humo, na kazi hizo zinatunzwa hadi leo. Nyufa ndogo zinazofuata mishipa ya chuma, au malengelenge madogo, ni uzee wa kawaida, na kwa panga za Yamato zinavumilika kuliko kwa nyingine.

Nne ni msuka. Kutu yake ni cheti cha umri, na sheria isiyo na msamaha ni kwamba haisafishwi kamwe, si kwa msasa, si kwa brashi ya waya, si kwa dawa. Msuka wa kale una weusi wa kahawia ulioiva na uso uliotulia; kutu nyekundu inayotoa unga kwenye upanga unaodaiwa kuwa wa karne ya 14 inapaswa kukusimamisha. Angalia mwelekeo wa alama za tupa, kwani kila shule ilikuwa na wake, na idadi ya matundu ya kijiti, kwa kuwa matundu mawili au matatu mara nyingi hueleza kwamba upanga ulifupishwa. Umbo la msuka pia husema: wa Muramasa huvimba mfano wa tumbo la samaki.

Sasa, na si kabla, soma sahihi. Majina makubwa yalighushiwa tangu zama za samurai, na Nagasone Kotetsu wa Edo anahesabiwa miongoni mwa walioghushiwa kupita wote. Mistari ya mchongo halisi ina kasi na uhakika, na kutu imekaa ndani yake kwa rangi ileile ya msuka unaoizunguka. Mchongo wa baadaye hukata kutu ya kale na kuonyesha kingo kali. Tarehe nyingi huandikwa mwezi wa pili au wa nane, kwa hiyo usidhani mhunzi alifanya kazi miezi miwili tu kwa mwaka, ni desturi. Kama umbo, chuma na mstari wa makali vimekwisha kukuambia Mino ya karne ya 16 na sahihi inataja mtu wa Bizen wa karne ya 13, iamini feleji. Upanga wenye sahihi ya uongo unaweza kuwa mzuri sana, na upanga usio na sahihi kabisa unaweza kuwa bora kuliko wote ulionao.

Hatua ya tano: zielewe hati

Hati zinazotegemewa zaidi leo ni za NBTHK, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1948. Ngazi zake, kutoka chini kwenda juu, ni Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Hati zake za zamani, zilizotolewa kabla ya mfumo huu kuanza mwaka 1982, hazipewi imani hiyohiyo, na upanga wenye jina kubwa uliobaki na hati ya zamani tu unauliza swali lenyewe: kwa nini mwenyewe hakuurudisha ukaguliwe upya?

Wanunuzi wengi huchanganya hati hizo na torokusho, kile cheti cha usajili kinachotolewa na bodi ya elimu ya mkoa nchini Japani. Torokusho huruhusu upanga kumilikiwa kisheria ndani ya Japani na hutaja urefu, mkunjo, matundu na maandishi ya msuka. Haithibitishi kwamba sahihi ni ya kweli. Upanga unapotoka Japani kihalali, torokusho hurudishwa, na Wakala wa Utamaduni hutoa kibali kinachothibitisha kwamba haumo katika mali za taifa zilizozuiwa. Muuzaji wa nje anayekuonyesha torokusho halisi kama sifa ya upanga wake, basi, anajishtaki mwenyewe.

Hatua ya sita: anza na tsuba

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ninashauri bila kusita kwamba mkusanyo uanze na mapambo, hasa tsuba, kile kibati kinachokinga mkono kati ya mpini na chuma. Nchini Japani mapambo hayahitaji usajili wa silaha, hupita posta kwa urahisi zaidi, huenea kwenye kiganja, na ya kiwango cha kujifunzia hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya upanga. Wanaojua jambia la Oman wamezoea mpini na fedha ya ala kubeba sehemu kubwa ya thamani. Kwa Wajapani upanga na mapambo yake hutenganishwa, kila kimoja kikawa na wataalamu wake na hati zake.

Mbali na tsuba kuna fuchi na kashira, yaani pete na kifuniko cha ncha mbili za mpini. Menuki, vipambo viwili vinavyokaa chini ya utepe wa mpini. Kozuka, mpini wa kisu kidogo kilichochomekwa ubavuni mwa ala. Na kogai, kijiti cha kutengenezea nywele. Kozuka, kogai na menuki vikiwa vimetengenezwa kwa pamoja na fundi mmoja huthaminiwa mno, na ukoo wa Goto, ulioanza na Goto Yujo aliyefariki mwaka 1512, ulivitengenezea watawala kwa vizazi vingi. Goto walipenda shakudo, shaba nyekundu yenye asilimia chache za dhahabu ambayo ikichemshwa katika maji ya dawa hupata weusi wenye zambarau kwa mbali. Juu yake walipiga vidoto vidogo kwa safu, kimoja kimoja kwa mkono, kisha wakatia dhahabu. Angalia safu hizo kwa kioo cha kukuzia: kazi nzuri ina vidoto vya mviringo visivyogongana hata kwenye kona. Aloi nyingine, shibuichi, ni shaba na fedha, na rangi yake ya kijivu hutofautiana kwa kadiri ya fedha iliyomo. Yokoya Somin, aliyefariki mwaka 1733, alijitenga na kanuni za Goto na kuchonga kwa mikato inayofuata mwendo wa brashi, na kutoka kwake mafundi wa mjini walipata uhuru.

Tsuba za chuma ni ulimwengu mwingine, na kwangu mimi ndio wenye mvuto zaidi, kwa sababu uzuri wake uko kwenye chuma kabla ya kuwa kwenye nakshi. Fundi Nobuie wa karne ya 16 aliacha nyundo izungumze usoni mwa chuma. Kaneie anahesabiwa mwanzilishi wa kuchonga mandhari na watu juu ya tsuba ya chuma. Mafundi wa jimbo la Owari walitoboa nakshi zenye nguvu na mizani, na wale wa jimbo la Higo, chini ya bwana Hosokawa Sansai aliyekuwa mpenzi wa sherehe za chai, walitengeneza vitu vya utulivu vyenye uso laini mweusi. Kwenye kingo za tsuba fulani za kale hutokeza vinundu vya chuma kigumu viitwavyo tekkotsu, ambavyo mkono huvihisi kabla ya jicho.

Ukaguzi wa tsuba hufanywa hivi. Pima urefu, upana na unene, katikati na ukingoni, kwa sababu unene hutofautisha shule. Chungulia kuta za ndani za matundu: mshono, vitundu vya hewa au kingo zilizoyeyuka huonyesha kitu kilichomiminwa kwenye kalibu, si kilichofuliwa. Linganisha na picha za tsuba nyingine, na ukikuta mbili zenye dosari ileile mahali palepale, zote zilitoka kalibu moja. Tundu la kati likiwa na alama za patasi pembeni au vipande vya shaba vya kulikaza, tsuba iliwahi kuvaliwa na upanga. Kukosekana kwake si ushahidi wa uongo. Kutu nyeusi iliyokomaa ndiyo ngozi ya tsuba, na anayeing'arisha mpaka chuma kikawa cheupe ameiua.

Hatua ya saba: kununua

Nunua kwa muuzaji anayeandika kwamba atairudisha fedha yako kama jopo la ukaguzi litaukataa upanga, na anayekuonyesha picha za msuka mzima pande zote mbili, ncha, na mstari wa makali chini ya taa. Asiye na picha ya msuka hana upanga wa kukuuzia. Wakizashi yenye hati huwa na bei nafuu kuliko katana ya ubora uleule, na kwa mwanafunzi hufundisha yaleyale. Epuka upanga wenye kutu ulionunuliwa kwa matumaini ya kunolewa: mnoaji aliyehitimu hutumia mawe mengi yanayozidi kuwa laini, hutoza kwa urefu, kazi yake inaweza kugharimu kuliko upanga wenyewe, na kila kunolewa kunakula chuma kisichorudi. Fundi wa visu wa mtaani, hata awe hodari namna gani, asiuguse.

Kabla ya kulipa, ulizia sheria ya nchi yako kwa forodha na kwa polisi, na upate jibu kwa maandishi. Huko Uingereza, tangu mwaka 2008, panga zilizopinda zenye sentimita 50 au zaidi zimewekewa marufuku ya kuuzwa na kuingizwa, ila sheria imeziacha zilizofuliwa kwa mkono kwa njia za jadi na zilizotengenezwa kabla ya 1954, hivyo hati ni ya lazima mpakani. Angalia pia vitu vya pembe za ndovu, hasa tanto za mapambo za mwisho wa karne ya 19: biashara ya kimataifa ya pembe imezuiwa, na mzigo wa namna hiyo utakuletea mashtaka, si mkusanyo.

Hatua ya nane: kutunza, hasa pwani

Hewa ya chumvi ya Mombasa, Dar es Salaam au Muscat ni adui wa feleji. Upanga ulale ndani ya ala nyeupe ya mti wa honoki isiyopakwa rangi, iliyochongwa kwa ajili yake peke yake, si ndani ya ala ya mapambo, wala usiazimwe ala ya upanga mwingine. Ulaze mlalo, makali juu, mbali na ukuta wenye unyevu na mbali na ngozi. Kila baada ya miezi miwili au mitatu pangusa mafuta ya zamani kwa karatasi laini safi, kutoka mgongoni, ukielekea ncha bila kurudi nyuma, kisha paka mafuta mapya kwa utando usioonekana. Ule unga wa jiwe unaopigwapigwa juu ya bapa hukwaruza polepole, na kwa upanga ulionolewa karibuni ni heri kuuacha. Mafuta yanayouzwa Japani kwa kazi hii yana harufu ya karafuu, lakini ni mafuta mepesi ya madini. Mafuta makali ya karafuu yanayouzwa Zanzibar kwa meno na viungo yasipakwe kabisa.

Tsuba ya chuma isuguliwe kwa pamba kavu mara kwa mara, na doa la kutu nyekundu likwanguliwe kwa kipande cha mfupa, ambacho ni laini kuliko chuma. Shakudo na shibuichi hazipakwi chochote, na dawa ya kung'arisha shaba ingeondoa kwa dakika moja rangi iliyokaa miaka 300.

Kwa kila kitu ulicho nacho, weka faili lenye vipimo, picha, mchoro wa msuka, nakala za hati na risiti, na kwenye jalada uandike kwa herufi kubwa maagizo kwa jamaa watakaorithi: msuka usisafishwe, kutu isipigwe msasa, hati zisitenganishwe na upanga wake, na kitu kisiuzwe kabla hakijaonyeshwa kwa mtu anayeujua uwanja huu.